Neno la Mkunga wa Kismayo

Neno langu la kwanza la Kihispania sikulijifunza Uhispania. Nililijifunza Kismayo, wakati mji umekatika vipande na kila mtaa una wenye bunduki wake, ndani ya ghala la karibu na bandari ambamo zamani zilikuwa zikiwekwa ndizi zikingoja meli. Wageni waliokuja na misaada walilifagia ghala lile, wakaligawa kwa mapazia. Upande mmoja waliwalaza watoto waliokauka kwa njaa, upande wa pili wakaweka vitanda vya kujifungulia. Mimi nilifanya kazi upande huo wa pili.

Sikuwa muuguzi wala sikuwa nimesoma sana. Nilikuwa msichana wa Kibajuni, nikijua Kisomali cha mjini na Kibajuni cha nyumbani. Kilichonipatia kazi ni kwamba wanawake wa kwetu, hasa waliokimbia kutoka visiwani, hawakutaka kuzungumzia matumbo yao mbele ya mwanamume. Mkalimani aliyekuwapo alikuwa kijana mpole wa Mogadishu aliyejua Kiingereza. Yeye alifuatana na daktari. Mimi nilipewa mkunga.

Mkunga alitoka Chile. Alinionyesha nchi yake kwenye ramani ya ukutani, nchi nyembamba kama utepe, mbali hata nikamuuliza kwa mikono kama alikuja kwa miguu. Alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi, miguuni amevaa ndara za kiume zilizomzidi. Kiingereza alikijua kidogo, mimi sikukijua kabisa. Kwa hiyo tulizungumza kwa vidole, kwa macho, na kwa maneno machache aliyonifundisha kila siku. Agua, maji. Sangre, damu. Mano, mkono. Mwanamke alipofika pa kusukuma, mkunga alipiga ukuta kwa kiganja na kupaza sauti: "¡Empuja! ¡Empuja!" Baada ya muda watoto wa mtaa walikuwa wakisukuma mikokoteni ya maji huku wakipiga kelele, "Empuha! Empuha!" Wanawake waliokuwa wakingoja zamu zao walicheka pamoja na uchungu wao huo huo.

Neno parto lilinisumbua. Siku ya kwanza aliniita nimshikie taa, mwanamke akiwa amelala, kichwa cha mtoto kimeanza kuonekana. Mkunga alichora duara hewani kwa mkono, likazunguka kitanda, mwanamke, ndoo, mimi na yeye mwenyewe, akasema, "Esto es un parto." Nikadhani parto ni damu. Lakini damu ilikuwa sangre. Nikadhani ni mtoto, kumbe mtoto ni bebé. Nikadhani ni kitanda. Kila nilipokosea alitikisa kichwa na kuchora tena duara lake. Mpaka siku moja mwanamke wa kisiwa cha Kudha alijifungua salama, wenzake wakapiga vigelegele nyuma ya pazia, nami neno likaniingia lenyewe. Nikamwambia mkunga kwa Kibajuni, "Kuzaa! Ni kuzaa!" Yeye hakujua nimesema nini, lakini aliona uso wangu, akanishika mabega na kunitikisa kwa furaha. Tangu siku ile neno hilo likawa langu. Nikirudi nyumbani jioni mama huniuliza, "Leo parto ngapi?" nami humwambia.

Mama alikuwa na sababu ya kuuliza. Dada yangu mkubwa alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alijifungulia nyumbani, mtoto akafa, na yeye mwenyewe akavuja damu mpaka godoro likatupwa na watu wakaanza kusoma Yasini. Safari hii mumewe alikuwa amekwenda kwao Kudha kuwatengenezea chumba, na dada akabaki mjini na sisi kwa ajili ya mkunga. Nilimpeleka ghalani mapema. Mkunga alimpima, akamsikiliza kwa makini habari ya ile damu, safari hii mkalimani akiwa nyuma ya pazia anatafsiri kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Mwambie azae hapa, mbele yangu. Mtoto akitoka tu nitamdunga sindano ya kuzuia damu. Asizae nyumbani." Mama alipoyasikia maneno hayo aliinua mikono akamwombea yule mwanamke dua ndefu, akamtajia afya, watoto, na mwisho mwema.

Halafu mambo yakabadilika upesi, kama yalivyokuwa yakibadilika siku zile. Waliokuwa wakiushika mji walianza kurudi nyuma. Usiku tulisikia mizinga upande wa bara, na asubuhi watu wa mtaani walionekana wakifunga mabunda. Mkalimani aliacha kuja kazini. Wengine walisema amevuka kwenda Kenya, wengine walisema ameuawa njiani. Mpaka leo sijui. Daktari alizungumza na walinzi kwa ishara, na mimi na mkunga tukaendelea na maneno yetu yale yale machache.

Alasiri moja nilikuwa nikifua mashuka nyuma ya ghala. Mkunga alikuwa ndani, kwenye chumba cha redio ya mawasiliano, na sauti yake ilinifikia ikiwa kali, kama ya mtu anayebishana na mkubwa wake. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Hakunitazama kwanza. Alinishika mkono, akaniingiza kwenye stoo, akafunga mlango.

Mezani palikuwa na papai bichi. Alichukua bomba la sindano, akanionyesha namna ya kuvunja shingo ya kichupa cha dawa, namna ya kuvuta, namna ya kutoa hewa. Akadunga papai. Kisha akanipa mimi. Nilidunga vibaya, akanirudisha. Nikadunga tena. Alinishika paja langu juu kidogo ya goti, akapanda na kidole mpaka mahali penyewe, akapagonga: hapa. Akanifanya nirudie mpaka papai likawa linatoa maji kila upande. Nilijivuna sana. Niliona sasa nimepanda cheo, sasa mimi ni msaidizi wake wa kweli.

Kisha akateremsha mkebe wa biskuti kutoka kwenye rafu. Ndani mlikuwa na mkasi, uzi wa kufungia kitovu, glavu, na vichupa vya ile dawa alivyovizungushia kitambaa kibichi ili visipate joto. Akaniwekea mkebe mikononi. Akanitazama usoni, machozi yanamshuka, akasema polepole kama mtu anayemfundisha mtoto:

"Parto. Parto mañana. ¿Entiendes?"

Entiendes ni umeelewa, na mañana nililijua, ni kesho. Alilisema kila jioni tukiagana. Na parto lilikuwa neno langu. Kuzaa. Kuzaa kesho. Akanitajia dada yangu kwa kuweka mkono tumboni na kuuelekeza mtaani kwetu, akasema tena, "Parto mañana," akagusa mkebe, akagusa kifua changu.

Nikaelewa. Yaani niliona nimeelewa. Nilisema, "Sí! Sí!" nikacheka kwa furaha, nikaweka mkebe chini nikampigia makofi. Dada yangu anazaa kesho, na mkunga ameniandaa nimsaidie! Machozi yake niliyachukua kuwa ya huruma na hofu, kwa sababu alijua habari ya damu. Alinikodolea macho. Nakumbuka vizuri uso ule: mdomo umebaki wazi kidogo, kama nimempiga kofi. Kisha akanikumbatia kwa nguvu, akafungua mlango, akaondoka haraka bila kugeuka.

Nilikimbia nyumbani na mkebe wangu.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi na vyombo viko ukumbini. Jirani yetu, mwenye mashua ya injini, alikuwa anawavusha watu kwenda Kudha kabla ya Magharibi, na ametuwekea nafasi. Mama alikuwa amekwisha kufunga sufuria na mikeka. Dada ameketi juu ya bunda, miguu imemvimba, amejifunika buibui.

"Mama, hatuendi," nilisema. "Mkunga amesema dada anazaa kesho."

Dada akanitazama. "Mimi? Mimi sina hata uchungu."

"Amesema kesho. Kanipa na vifaa."

"Kajuaje, na mimi mwenye tumbo sijui?"

Mama akamkatiza. "Wale wana vyombo vya kuonea ndani. Kama kasema kesho, basi ni kesho. Utazaa ndani ya mashua, kwenye maji ya chumvi? Na damu yako ile?"

Jirani alisimama mlangoni, akatuhimiza mara mbili tatu. "Wachu wote wanatoka," alisema kwa Kibajuni. "Kesho huenda pasiwe na mashua." Mama akamjibu kwamba kesho hiyo hiyo, mtoto akishatoka, tutatafuta chombo chochote. Jirani akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Tulifungua sufuria, tukapika. Dada alikula kidogo na kusema mara kwa mara, "Mimi sijisikii kichu." Lakini alilala kwa utulivu kuliko siku nyingi zilizopita, kwa sababu aliamini.

Asubuhi tulipata gari la punda. Dada alipanda juu, mama akakaa kando yake akimshikilia, mimi nikatembea mbele na mkebe. Barabara ilikuwa tupu namna isiyo ya kawaida. Maduka yamefungwa, na hata mbuzi waliokuwa wakizurura sokoni hawakuwapo. Kadiri tulivyokaribia ghala ndivyo tulivyoanza kukutana na watu, na wote walikuwa wamebeba vitu. Mmoja amejitwisha godoro. Wawili wamebeba mlango. Mwanamke mmoja amekumbatia mashuka mabichi, yale yale niliyoyafua jana, yakimwaga maji kwenye gauni lake.

Sikutaka kuona nilichokuwa nikikiona. Niliingia ndani. Mapazia yameng'olewa, nusu ya ghala inaonekana mara moja kama uwanja. Juu ya kitanda cha kujifungulia ameketi mtu mwenye bunduki, anakula biskuti zile za watoto wenye utapiamlo, anatikisa miguu. Ukutani ramani imechanika. Nilisimama pale nikimwita mkunga kwa sauti, kama mwendawazimu, mpaka mtu yule akaniambia kwa Kisomali ninyamaze.

Mlinzi wa lango, Msomali mmoja mwenye kikohozi aliyekuwa akitufungulia kila siku, alinikuta natoka. Hakuwa na fimbo yake tena wala kofia.

"Abaayo, dada, unatafuta nini hapa? Rudini nyumbani."

"Mkunga yuko wapi?"

"Wameondoka alfajiri. Ndege imewachukua wote."

"Wanarudi lini?"

"Hawarudi."

"Lakini kaniambia nimlete dada yangu. Kasema anazaa leo. Kaniambia mwenyewe jana, hapa hapa!"

Mlinzi akamtazama dada juu ya gari, na tumbo lake, na mama anayengoja jibu. Alisema kwa upole, na sidhani alijua uzito wa alilolisema: "Labda alitaka uende nyumbani bila kulia. Wale wakiondoka hawapendi kilio."

Ndivyo ilivyotuingia vichwani kwamba mkunga alitudanganya.

Tulipokuwa tukigeuza gari, risasi zikaanza upande wa soko. Punda akashtuka, akakata kona mbio, mwenye gari akaning'inia kwenye kamba. Mama alimlalia dada juu ili amkinge, mkono wake wa kulia ukabaki nje. Sikusikia risasi iliyompata. Nilimsikia mama akisema, "Mkono wangu," kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesahau kitu. Nilipotazama, kanga yake ilikuwa imebadilika rangi. Mwenye gari hakusimama. Alituteremsha ufukweni, mbali na bandari, ambapo watu walikuwa wakiingia majini mpaka kifuani kuifuata mashua moja ambayo tayari imejaa. Sijui tuliingiaje. Nakumbuka mtu asiyenijua ananivuta kwa nywele, na mimi sikuachia mkebe.

Kudha tulimkuta shemeji yangu akizunguka pwani kama mtu aliyepotelewa, kwa sababu mashua ya jirani ilifika jana yake na sisi hatukuwamo. Mkono wa mama ulisafishwa kwa maji ya chumvi na kufungwa. Mfupa ulikuwa umevunjika karibu na kiwiko, na ulijiunga ulivyotaka wenyewe. Na dada hakuzaa siku ile, wala kesho yake. Alizaa baada ya zaidi ya juma zima, mchana wa jua kali, katika chumba kile mumewe alichokitengeneza.

Mtoto, msichana, alitoka akilia. Kisha damu ikaanza. Ilikuja kama mara ile ya kwanza, bila haraka na bila kusimama. Shangazi wa shemeji, aliyekuwa akizalisha, aliponitazama nilijua hana la kufanya. Mama alinipigia kelele kutoka pembeni, mkono wake umefungwa kifuani: "Sindano! Si alikufundisha sindano!"

Kichupa cha kwanza kilivunjikia mkononi na dawa ikamwagika. Cha pili nilikivunja vizuri. Nikavuta, nikatoa hewa, nikapapasa paja la dada mpaka mahali penyewe. Nikadunga. Tukangoja. Sikumbuki tulingoja kiasi gani. Nakumbuka shangazi akiinua kitambaa, akikitazama, akikigeuza, akikitazama tena, na kusema, "Inapungua. Alhamdulillahi, inapungua."

Dada aliishi, na mwanawe akaishi.

Kudha nako hatukukaa. Wenye bunduki walifika visiwani, wakachukua mashine za mashua na nyavu na wasichana. Tukatoka tena, kisiwa kwa kisiwa, mpaka Kenya, mpaka kambi ya Mombasa. Huko mama alijifunza kufanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Kukanda unga hakuweza. Kila asubuhi alijaribu, ngumi ya kulia haikazi, unga unabaki na madonge, naye husema pale pale, mbele ya yeyote aliyekuwapo: "Mungu amlipe yule mwongo. Kesho anazaa, kesho anazaa. Alijua anaondoka, akatuacha tungoje kama kuku."

Nilikuwa nikimkumbusha, "Lakini mama, ile sindano ni yake."

"Alikuwa anatupa vichu asivyovitaka," alisema mama. "Mwenye kukimbia hutupa mizigo."

Nami nilikuwa nimemsikia mkunga kwa masikio yangu. Mama alifariki dunia Mombasa, mzee, kwa maradhi ya kawaida, akiwa hajamsamehe.

Miaka ilipita. Niliolewa, na mume wangu akapata njia ya kwenda Ulaya, kisha akanivuta. Tuliangukia Uhispania, katika mji wa pwani ambako mimi nilifanya kazi ya kutandika vitanda hotelini. Watu walishangaa nilivyolijua neno parto, na sangre, na empuja, kabla sijajua kusema habari za asubuhi. Sikuwaeleza. Nilianza kuhudhuria darasa la bure la lugha, asubuhi za siku nisizokuwa kazini, katika ukumbi wa chama cha wakazi wa mtaa. Mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu mwenye sauti nzito. Tulikuwa mchanganyiko: Wamorocco, Wasenegali, mama mmoja wa Ukraine, na mimi.

Siku ile mwalimu alikuja na mkate mrefu na kisu. Aliuweka mkate mezani, akaukata kipande, akasema, "Yo parto el pan." Akampa jirani yangu. Akakata kingine: "Parto el pan."

Nikacheka. Nilisema kwa Kihispania changu kibovu, "Mwalimu, mkate hauzai."

Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka mpaka akafuta macho. Akaeleza, polepole, akitumia mikono. Kuna el parto, kuzaa, hilo ni jina la jambo. Na kuna parto, mimi napasua, mimi nakata, kama hivi mkate. "Na maana nyingine tena," alisema, akavisimamisha vidole viwili juu ya meza, akavitembeza mpaka ukingoni. "Kuondoka. Kusafiri. Mtu akiwa na safari husema," na hapo akayasema maneno yale, kama yalivyo, hata mapigo yake yale yale: "Parto mañana."

Nilikuwa na kipande cha mkate mkononi. Sikumbuki nilikiangusha saa ngapi, ila baadaye nilikiona sakafuni. Masikio yalijaa mvumo. Nilimwona mwalimu akifungua na kufunga mdomo, akiendelea na somo, na mama wa Ukraine akinigusa bega. Nilisimama.

"Mwalimu, sema tena."

"Parto mañana."

"Maana yake nini?"

"Naondoka kesho."

"Siyo kuzaa? Siyo kesho kuna kuzaa? Mkunga akisema hivyo kwa mtu, siyo kuzaa?"

Alinitazama, akaona si mchezo tena. Alifikiri vizuri kabla ya kujibu. "Hapana. Ingekuwa kuzaa, angesema el parto es mañana. Au angesema va a parir. Parto mañana ni mtu anajisemea yeye mwenyewe: mimi, naondoka." Kisha akauliza, "Nani alikuambia? Maana sisi huku hatulitumii sana. Sisi husema me voy."

"Mwanamke wa Chile."

"Ah," alisema mwalimu. "Huko wanasema."

Nilitoka nje bila kuaga. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi, watu wakinipita na mifuko yao ya sokoni. Alasiri ile ya Kismayo ilikuwa ikigeuka ndani ya kichwa changu, kitu kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kinakaa mahali papya. Sauti kali kwenye redio: alikuwa anakataa kuondoka, au anaomba wangoje. Papai: hakuwa ananipandisha cheo, alikuwa ananifundisha nifanye peke yangu. Dada yako, mkebe, wewe: nikiwa sipo, wewe ndiye. Alikuwa amenieleza yote. Hakunificha kitu. Alisema naondoka kesho, akaniuliza kama nimeelewa, na mimi nikasema ndiyo. Na tungeelewa, tungepanda mashua ya jirani jioni ile ile. Mkono wa mama...

Nilimpigia simu dada Mombasa nikiwa bado nimekaa kwenye ngazi.

"Umekaa?" nilimuuliza.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Dada, yule mkunga hakutudanganya."

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, mbele nyuma, ikabidi nianze upya na mkate. Safari hii akaelewa. Nilisikia pikipiki zikipita kwake, na mtu akiuliza bei ya kitu.

"Yaani alikuaga," alisema mwishowe.

"Aliniaga."

"Mama kaingia kaburini akimlaani mchu aliyetuaga."

"Ndiyo."

"Ya Allah." Halafu sauti yake ikawa kali. "Na kwa nini unaniambia? Ulikuwa na haja gani ya kuniambia? Mama hayupo umwambie. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea." Akakata simu.

Sikumlaumu. Siku kadhaa sikulala vizuri, na kazini nilitandika vitanda na kusahau mito. Kisha dada akapiga yeye mwenyewe. Sauti ilikuwa imetulia. Alisema amemweleza binti yake, yule aliyezaliwa Kudha, ambaye sasa ni mtu mzima na ana watoto wake. Binti alilia, akauliza jina la mkunga amwombee dua, nao wote wawili wakakaa wakitazamana, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulijua. Kwetu alikuwa Mkunga tu.

"Aombe tu," nilisema. "Mungu anamjua."

"Anaomba," alisema dada. "Lakini mimi kuna kichu kinanikaa rohoni. Yeye alikuambia naondoka, analia. Na wewe ukafanya nini?"

"Nilicheka," nilisema. "Nikampigia makofi."

"Sasa yeye alielewa nini?"

Nilikuwa jikoni, nimeshika simu, sufuria inachemka. Nikauona tena uso ule ndani ya stoo, mdomo uliobaki wazi kidogo. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tukimwita mwongo, na haikuwahi kunijia kwamba na yeye alipanda ndege ile na kitu chake. Kwamba huko Chile, kama yuko hai, huenda yupo mwanamke mzee anayemkumbuka msichana wa Kismayo aliyefundishwa naye maneno mwezi baada ya mwezi, na ambaye, alipoambiwa nakuacha vitani, alicheka na kupiga makofi.

"Sijui," nilimwambia dada. "Sijui alielewa nini."